Mwanao anataka kusoma ujasiriamali juu ya shahada? Usikimbilie kukataa

Jumapili jioni simu yangu iliita nikiwa naosha vyombo. Alikuwa mama mdogo, anapiga kutoka Morogoro. Nikamwamkia, akaitikia ile "marahaba" fupi ambayo watoto wote wa ukoo wetu tunaijua. Ukiisikia, ujue hajapiga kusalimia.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Hebu niambie. Huyu mdogo wako anataka kuongeza kozi nyingine juu ya digrii. Eti ubunifu na ujasiriamali. Mimi nauza nyanya na vitunguu mwaka wa kumi na moja huu ili yeye asome takwimu. Ujasiriamali si ndiyo huu ninaoufanya mimi? Na huu nao unasomewa chuo kikuu?"

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

Mdogo wangu yuko mwaka wa pili. Chuoni kwao limebandikwa tangazo la kozi ya cheti inayosomwa jioni, siku mbili kwa wiki kwa mwaka mmoja, na mwanafunzi wa shahada yoyote anaruhusiwa kujiunga. Kwake ni habari njema. Kwa mama yake ni habari ya kutisha. Baba mdogo alifariki binti akiwa kidato cha pili, na tangu hapo genge la mboga ndilo lililonunua sare, madaftari na nauli. Shahada ile ndiyo akiba yote ya nyumba ile.

"Mshika mawili moja humponyoka," akaniambia. "Na likimponyoka la chuo, mimi sina jingine la kumshikisha."

Nilimwomba anipe siku tatu nimjibu. Mimi ni mwandishi wa habari za afya, si wa biashara. Hata hivyo swali lake nimeshaulizwa na wazazi wengine, na tena nilipokuwa chuoni niliwahi kusoma kozi kama hiyo. Kabla ya kuisoma nilifanya kosa ambalo nyumbani sijalisimulia hadi leo. Mama mdogo atalisoma hapa pamoja na wewe.

Kinachosomwa hasa ni nini?

Tuanze na neno lenyewe, maana hapo ndipo wazazi na watoto wanapopishana. Mzazi akisikia "ujasiriamali" anaona maandazi, sabuni ya maji na mitumba. Mtoto akilisikia anaona kampuni, tuzo na picha jukwaani. Wote wawili wanaona nusu.

Kozi iliyo makini haimfundishi mtu kuuza maandazi. Inamfundisha kuona tatizo, kwenda kuwauliza wenye tatizo, kutengeneza sampuli ya suluhisho kwa gharama ndogo, kuijaribu, kuirekebisha, kisha kupiga hesabu kama suluhisho hilo linaweza kujiendesha lenyewe bila msaada. Nusu ya kwanza ndiyo ubunifu, nusu ya pili ndiyo ujasiriamali. Katikati yake kuna kutunza kumbukumbu za fedha, kujua sheria, kufanya kazi na wenzako na kueleza wazo lako mbele ya watu wasiokujua.

Mfano mzuri uko kwa jirani zetu Uganda. Brian Gitta alikuwa mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha Makerere. Aliugua, akatobolewa kupimwa damu zaidi ya mara moja kabla ya kugundulika kuwa ana malaria. Wengine tungeishia kulalamika. Yeye na wenzake wakaanza kutengeneza kifaa kinachobanwa kwenye kidole na kutumia mwanga kutafuta dalili za malaria bila kutoa damu. Wakakiita Matibabu, jina la Kiswahili kabisa. Mwaka 2018 kifaa hicho kilimpatia Gitta Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, akiwa na umri wa miaka 24.

Hapa kwetu tunaye Dk Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha. Yeye ndiye aliyepata tuzo hiyo hiyo ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, kwa chujio la maji linalotumia mchanga pamoja na teknolojia ya chembe ndogo sana, na linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya eneo husika.

Mzazi, nakuomba uangalie jambo moja katika mifano hii. Gitta hakuacha kompyuta akaenda kwenye ubunifu. Hilonga hakuacha kemia. Walichokisomea ndicho kilichokuwa mtaji wao. Mwanafunzi mwenye wazo lakini asiye na maarifa ya fani yake ni sawa na fundi mwenye ramani asiye na nyundo.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mama mdogo lilikuwa hili: kozi hiyo haiji kuchukua nafasi ya takwimu. Bila takwimu, haina cha kusimamia.

Unga wangu wa lishe

Sasa kosa langu.

Nikiwa mwaka wa pili, muhula wa kwanza, mimi na mwenzangu wa chumba tulichukua shilingi 60,000 za bumu tukaanzisha biashara ya unga wa lishe. Hatukuwa tumesoma chochote kuhusu biashara wala kuhusu chakula. Tulinunua mahindi, mchele, ulezi, soya na karanga, tukapeleka mashineni, tukafunga kilo moja moja kwenye mifuko ya plastiki na kubandika karatasi tuliyochapisha stesheni ya chuo. Karatasi ilikuwa na ua, jina letu na namba ya simu. Haikuwa na tarehe.

Unga uliuzika. Kina mama wa mtaa wa nyuma ya hosteli walikuwa wanatuita "watoto wasomi". Tukaongeza oda, tukaongeza karanga, maana karanga ndizo zilizokuwa zinawapendeza. Kuna gunia lilipata unyevu likiwa uvunguni mwa kitanda. Tulilianika juani, harufu ikapungua, tukasaga.

Wiki mbili baadaye mama mmoja alituletea mfuko ulioliwa nusu. Hakuja kwa ugomvi. Alisema mtoto wake wa miezi minane ametapika na kuharisha siku mbili, amempeleka kituo cha afya, amepona, lakini anauliza tu: "Hivi mlitengeneza lini huu unga?"

Hatukujua. Mpaka leo siwezi kusema kilichomuumiza mtoto yule ni unga wetu. Mtoto wa umri huo anaweza kuharisha kwa sababu nyingi. Lakini siwezi pia kusema si unga wetu, na hilo ndilo linaloniuma.

Tulirudisha fedha, tukaacha kuuza. Muhula uliofuata nilijiandikisha kozi ya jioni ya ujasiriamali, kwa hasira zaidi kuliko kwa mapenzi. Siku ya tatu mwalimu alitaka kila mmoja aeleze biashara aliyowahi kuifanya. Nikaeleza yangu, nikaficha habari ya mtoto. Akaniuliza maswali matatu: Karanga zilitoka wapi? Zilikaushwaje? Zikimdhuru mtu, utajuaje ni mfuko upi?

Sikuwa na jibu hata moja. Baada ya kipindi nilimfuata nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alinituma nikasome kuhusu sumukuvu.

Nilichosoma ndicho kilichonifanya niwe mwandishi wa habari za afya. Sumukuvu hutokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Haionekani kwa macho, na upishi wa kawaida wa nyumbani hauiondoi. Ikiliwa kwa wingi kwa mara moja huharibu ini na inaweza kuua; ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ini. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sisi tulikuwa tumeanika gunia juani na kufurahi kwamba harufu imepungua.

Nasimulia haya kwa sababu wazazi wengi wanadhani hatari iko kwenye kusoma ujasiriamali. Kwangu hatari ilikuwa kwenye kuufanya bila kuusoma. Muhula ule wa unga nilifeli somo moja nikafanya mtihani wa marudio, ule tuliouita "sapu". Muhula wa kozi sikufeli hata somo moja, maana mwalimu wetu alikuwa na sharti: hakuna kuuza chochote mpaka umalize kuuliza.

Piga hesabu ya muda

Mama mdogo ni mtu wa hesabu, kwa hiyo nilimpa hesabu.

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza: darasani, maabara, maktaba na kazi za kufanya mwenyewe. Kwa hiyo mwaka mmoja wa masomo ni saa 1,200. Ukizigawa kwa wiki 30 za masomo unapata saa 40 kwa wiki. Mwanao anayesoma sawasawa tayari ana kazi kamili ya mtu mzima.

Kozi ya ziada ya saa 120 kwa mwaka inaongeza saa nne kwa wiki. Hizo zinabebeka. Kinachobomoa ni pale anapoongeza juu yake biashara yenyewe: kufuata mzigo Kariakoo, kujibu wateja WhatsApp usiku, kupeleka oda. Hapo saa nne zinageuka ishirini, na zinatoka sehemu moja tu, kwenye usingizi.

Hapa niongee kama mwandishi wa afya. Kijana mkubwa anahitaji saa saba au zaidi za usingizi kila usiku. Ubongo hutumia muda ule kupanga na kuhifadhi kilichosomwa mchana. Anayelala saa nne ili asome zaidi anamwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Ukiwa mbali na chuo huwezi kuona macho yake, lakini simu inasema mengi. Zisikilize dalili hizi: anapokea simu saa nane usiku kana kwamba ni mchana, kila ukipiga anaumwa kichwa au tumbo, ameacha kuwataja marafiki zake, anakasirika ukimuuliza matokeo, anaomba fedha za chakula katikati ya mwezi ilhali bumu limeingia. Moja peke yake linaweza lisiwe kitu. Yakija matatu kwa pamoja, panda basi ukamwone, au mtume mtu unayemwamini.

La mwisho kwenye orodha hiyo lina sababu yake. Biashara ya mwanafunzi ikiyumba, wa kwanza kumfuata ni mikopo ya simu na ile tunayoiita kausha damu. Aibu ya deni imewanyima usingizi vijana wengi kuliko mitihani. Mwambie mapema, kabla hajaanza: "Ukipata hasara, nipigie mimi kwanza." Sentensi hiyo haigharimu kitu.

Si kila "semina ya ujasiriamali" ni kozi

Kuna jambo lazima niwaonye. Vyuoni siku hizi hupita watu waliovaa suti wanaowaalika wanafunzi kwenye "semina ya ujasiriamali" hotelini. Ukifika unakuta wanauza virutubisho vinavyodaiwa kutibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo na ugumba, vyote kwa kopo moja. Kijana anaambiwa alipie kiingilio, anunue mzigo, kisha awalete wenzake watatu nao walipe.

Kipato kinachotegemea kuingiza watu wapya hakina tatizo lolote kinachotatua. Na dawa inayotibu kila kitu haipo. Mwanao akimuuzia jirani yako kopo hilo na jirani akaacha dawa zake za presha, atakayelia ni familia mbili.

Kozi ya kweli utaitambua hivi: inatolewa na chuo chenyewe au taasisi iliyosajiliwa, ina mtaala ulioandikwa, ina walimu wanaojulikana, ina mitihani au kazi za kupimwa, na ada yake inalipwa kwa namba ya malipo ya taasisi, si kwenye simu ya mtu. Vyuo vyetu kadhaa vina vituo vya kazi hii. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo chake cha ubunifu na ujasiriamali, UDIEC. Wahitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wana ushirika wao, SUGECO, unaolea vijana wenye mawazo ya kilimo na usindikaji. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ina kituo cha kulea wabunifu cha Buni Hub, jijini Dar es Salaam.

Maswali matano ya kumuuliza

Wazazi wengine wanataka "ndiyo" au "hapana". Mimi nawashauri mkae na mtoto, hata kwa simu, mumuulize maswali haya. Msimtege. Mkimtega atawapa majibu ya kuwafurahisha.

1. Unataka kutatua tatizo gani, na la nani? Akijibu "nataka kuwa tajiri", bado hajafika. Akikutajia watu na shida yao, ameanza kufika.

2. Shahada yako inakusaidiaje hapo? Kama haisaidii popote, mwulize kama ana uhakika na shahada aliyochagua. Huenda mazungumzo ya kweli ni hayo.

3. Ratiba yako ya wiki ikoje? Aiandike kwenye karatasi, aipige picha, aitume. Usingizi na chakula viwemo. Mwanafunzi wa udaktari au uuguzi aliye kwenye mizunguko ya wodi hana jioni kama za mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria. Kwa mwingine jibu sahihi ni "ndiyo, lakini mwaka kesho".

4. Ada ni kiasi gani, na cheti kinatoka wapi? Kozi iwe imo ndani ya ada ya shahada au inalipwa pembeni, lazima ajue kabla, si baada. Aulize pia kama alama zake zinaingia kwenye wastani wa shahada au zinasimama peke yake.

5. Tukubaliane mpaka upi? Wekeni kipimo mapema. Mathalani, matokeo ya muhula yakishuka chini ya kiwango mlichopatana, anasimamisha kozi, hafukuzwi nyumbani. Mpaka uliowekwa kwa amani huheshimiwa kuliko amri iliyotolewa kwa hasira.

Na akifika hatua ya kutaka kuuza kitu chochote kinacholiwa au kupakwa mwilini, kuna swali la sita, nalo halina mjadala: nani amekipima? Vyakula na vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi, hata kama "losheni ya kung'arisha" imetengenezwa na binti mzuri wa hosteli. SIDO wana ofisi mikoani na wanawasaidia wajasiriamali wadogo kuanza kwa utaratibu. Jina la biashara na hataza vinasajiliwa BRELA. Kwa mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Haya hayana haraka. Ni ya baada ya mitihani.

Kwa wazazi wa upande wa pili

Kuna wazazi ambao hofu yao ni kinyume na ya mama mdogo. Hao wanamwambia mtoto, "Digrii haina kazi siku hizi, anza kujitafutia," na wanamsukuma afanye biashara tangu wiki ya kwanza chuoni.

Naielewa hofu yenu, maana mnawaona wahitimu waliokaa nyumbani. Lakini kozi ya ujasiriamali si hirizi ya ajira. Wengi wanaoisoma hawatafungua kampuni, na si vibaya. Watakwenda kuajiriwa wakijua kusoma bajeti, kuandika pendekezo la mradi na kusikiliza mteja. Mimi ni mmoja wao. Sina kampuni. Nina mazoea ya kuuliza "ilitoka wapi, ilikaushwaje, nani atadhurika", na mazoea hayo ndiyo yanayonilipa mshahara.

Pia kumbukeni kwamba mtoto aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ataurejesha kwa asilimia 15 ya mshahara wake akiajiriwa. Kumharakisha aanze biashara kwa mkopo mwingine kabla hajamaliza wa kwanza ni kumtwisha gunia juu ya gunia.

Siku ya tatu

Jumatano nilimpigia mama mdogo, tukamwunganisha na binti, tukawa watatu kwenye simu. Nilimwomba mama aulize swali la kwanza yeye mwenyewe, kwa sauti yake ya kawaida.

"Haya mwanangu. Unataka kutatua tatizo gani, na la nani?"

Binti alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "La kwako, mama."

Akaeleza. Tangu akiwa kidato cha tano, kila likizo, alikuwa anaandika kwenye daftari kiasi cha nyanya kilichonunuliwa, kilichouzwa na kilichotupwa. Mama mdogo alilijua daftari lile. Alidhani ni la wadaiwa. Mdogo wangu akasema, "Ukinunua tenga zima siku ya Ijumaa, karibu robo yake tunaitupa Jumatatu, kwa sababu Jumapili hufungui genge. Ukinunua Alhamisi hatutupi hivyo. Nimehesabu likizo nne. Nataka kujua kama na magenge mengine yako hivyo hivyo, halafu nitengeneze kitu ambacho hata mwenye kiswaswadu anaweza kukitumia, kimwambie leo nunua kiasi gani. Takwimu ninazijua. Sijui namna ya kwenda kuwauliza watu, wala namna ya kukifanya kijiendeshe. Ndiyo maana nataka hiyo kozi."

Mama mdogo hakujibu mara moja. Nilisikia mtu akimwuliza bei ya vitunguu, naye akamjibu "subiri kidogo, niko na mwanangu". Miaka kumi na moja alikuwa akitupa nyanya zile akijua ni mapenzi ya Mungu.

Tulikubaliana mambo matatu. Kwanza amalize mitihani ya muhula huu. Pili, kama wastani wake hautashuka chini ya 3.5, ajiandikishe muhula ujao; ukishuka, asubiri. Tatu, asiuze chochote kwa mwaka mzima. Kazi yake ni kuuliza na kuandika.

Nikadhani tumemaliza. Mama mdogo akanizuia kukata simu.

"Ngoja kwanza. Hiyo ada ya kozi, inalipwa yote kwa mkupuo au wanapokea kidogo kidogo?"

Binti akasema wanapokea kwa awamu mbili.

"Basi wiki hii," akasema mama mdogo, "nyanya nitanunua Alhamisi."